Kufuli, hesabu ya marejeo au RCU: kipi kilinde uhai wa kazi ndani ya skedula?

Skedula ya mfumo endeshi, yaani sehemu inayoamua kazi ipi ipate prosesa na lini, hushughulika na vitu visivyotulia. Kazi huzaliwa, hupangwa foleni, huendeshwa, hulala, huamshwa na prosesa nyingine, huhamishiwa foleni nyingine, kisha hufa. Na yote hayo hutokea huku prosesa zilizobaki zikiendelea kuitazama bila kuomba ruhusa. Anayeandika au kurekebisha msimbo wa namna hii hukabiliwa na maswali mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya: je, kitu ninachokielekezea bado kipo kwenye kumbukumbu, na je, nilichokisoma ndani yake bado ni kweli? Swali la kwanza ni la uhai wa kitu. La pili ni la nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba, kugongana juu ya hali yake. Makosa mengi ya eneo hili hutokana na mtu kuchagua kinga ya swali moja akidhani amejibu yote mawili, na ndiyo maana nitazilinganisha njia zilizopo, yaani kufuli, hesabu ya marejeo na RCU (read-copy-update, ambamo msomaji hashiki kufuli na anayefuta ndiye anayengoja), kwa kuziuliza kila moja maswali hayo mawili kabla ya kuzungumzia kasi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wachache wanaoitunza kerneli, kiini cha mfumo endeshi, huko mbali. Hali imebadilika. Tangu Linux 6.12, iliyotoka Novemba 2024, kuna sched_ext, inayoruhusu skedula kuandikwa kama programu ya BPF (msimbo mdogo unaokaguliwa kwanza kabla ya kuendeshwa ndani ya kerneli) na kupakiwa kwenye kerneli inayoendelea kufanya kazi. Fundi wa Kariakoo anayefunga bodi ya prosesa nne kwenye mashine ya tiketi au kidhibiti cha pampu, na mwanafunzi wa Kijitonyama mwenye kompyuta mpakato, wote wanaweza leo kujaribu sera yao ya kupanga zamu bila kugusa mstari hata mmoja wa kerneli yenyewe. Bodi ya prosesa moja ilikuwa ikificha mengi ya makosa haya. Ya prosesa nne huyaanika.

Kazi inavyokufa

Kabla ya kulinganisha, tukitazame kifo chenyewe kwa karibu, maana ndipo kiini cha tatizo kilipo. Katika Linux kazi huwakilishwa na muundo uitwao task_struct. Kazi inapomaliza huingia do_exit, huachia mafaili na kumbukumbu zake, hujiwekea hali ya TASK_DEAD, kisha huiita skedula kwa mara ya mwisho. Haiwezi kuirudisha staki yake ya kerneli, yaani eneo la kumbukumbu ambalo utekelezaji wake unalitegemea, kwa sababu bado imesimama juu yake. Ikiibomoa, agizo linalofuata halitakuwa na pa kutekelezwa. Staki hiyo, ambayo kwenye x86-64 ni kilobaiti 16, hushughulikiwa na kazi inayopokea prosesa baada yake, ndani ya finish_task_switch, ikishaona kwamba aliyetangulia amekufa.

Wakati huohuo mzazi wa kazi hiyo huenda bado hajaita wait, hivyo namba yake na taarifa ya jinsi ilivyomaliza lazima viendelee kusomeka. Marehemu basi ana wadai wawili, yaani mzazi anayengoja taarifa na skedula ambayo bado haijamtoa prosesani, na hakuna ajuaye nani kati yao atamaliza kwanza. Ndiyo maana tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019 muundo huo una kihesabu kiitwacho rcu_users kinachoanzia 2, moja kwa kila mdai, na anayekifikisha sifuri ndiye anayepanga maziko, yaani kurudishwa kwa kumbukumbu ya marehemu.

Tuchukue sasa jaribio moja ambalo tutazipitishia njia zote. Prosesa 0 inataka kujua ni kazi gani inayoendeshwa kwenye prosesa 1, jambo ambalo Linux hulifanya kwelikweli, kwa mfano inaposawazisha kazi kati ya nodi za NUMA (makundi ya prosesa, kila moja likiwa na kumbukumbu yake ya karibu) au inapotekeleza wito wa membarrier, unaolazimisha mpangilio wa kumbukumbu kwenye prosesa nyingine. Inasoma kielekezi rq->curr na kupata anwani ya kazi tutakayoiita K. Kabla haijasoma chochote ndani ya K, katizo, yaani ishara inayoisimamisha prosesa ishughulikie jambo jingine kwanza, linaingia kwenye prosesa 0 na kuichelewesha. Huku nyuma K inakufa kwenye prosesa 1, mzazi anachukua taarifa yake, kumbukumbu inarudishwa, na kipande kilekile kinagawiwa upya. Prosesa 0 inatoka kwenye katizo, inaifuata anwani iliyonayo na kusoma takataka. Au, lililo baya zaidi, inasoma kitu kinachofanana kabisa na kazi halali, kwa kuwa kipande hicho kimepewa kazi mpya.

Kufuli

Njia ya kwanza, na ninayomshauri kila anayeanza, ni kushika kufuli la foleni ya prosesa 1 kabla ya kusoma. Kufuli hilo likiwa mkononi, prosesa 1 haiwezi kubadilisha kazi, kwa hiyo K haiwezi kuondoka prosesani wala kufa, na maswali yote mawili yanajibiwa kwa mpigo mmoja. Hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu yenye sifa hiyo, na watu huikimbia mapema mno kwa kuogopa uzito wake kabla hawajaupima.

Uzito upo, sikatai. Makatizo huzimwa kwa muda wote kufuli linaposhikwa, prosesa nyingine zinazolitaka huzunguka mahali pamoja zikisubiri, na anayehitaji foleni mbili kwa pamoja analazimika kuzishika kwa mpangilio mmoja usiobadilika, la sivyo prosesa mbili zitashikana mashati, kila moja ikingoja kufuli lililo kwa mwenzake. Hata hivyo mtego mkubwa uko kwingine. Kufuli lililo ndani ya kitu haliwezi kulinda uhai wa kitu hicho, kwa kuwa ili ulishike ni lazima kwanza ukiguse kitu, na kukigusa ndiko kulikokuwa na hatari. Kufuli la foleni linafaa kwa jaribio letu kwa sababu foleni ya prosesa haifi. Kuhusu K yenyewe mambo ni tofauti: hata kuijua foleni yake kunahitaji kusoma ndani yake, na inaweza kuhamishwa katikati ya kusoma huko na kushika kufuli. Kwa sababu hiyo task_rq_lock ya Linux imeandikwa kama mzunguko, ambamo foleni husomwa, kufuli hushikwa, kisha huhakikiwa kwamba kazi bado iko kwenye foleni ileile, na kama haiko kufuli huachiwa na safari huanza upya. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ilichagua vingine: kila uzi hubeba kielekezi kiitwacho td_lock, kinachoelekezwa kwenye kufuli la mahali uzi ulipo kwa wakati huo, iwe foleni ya kuendeshwa au ya kulala.

Mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT, xv6, huukwepa utata huu wote kwa kuwa na jedwali lenye nafasi 64 za michakato, ambazo hazirudishwi kamwe kwa mgawaji wa kumbukumbu. Hapo kufuli ndani ya kitu ni halali, kwa kuwa nafasi yenyewe haifi; kinachobadilika ni mchakato unaoikalia. Wito wa kuua mchakato kwa hiyo hushika kwanza kufuli la nafasi, ndipo hulinganisha namba ya mchakato iliyomo na ile iliyotakiwa. Kwa kifaa kidogo ambacho idadi ya kazi zake inajulikana tangu mwanzo, ningechukua jedwali la namna hii bila aibu, na aliye na kifaa cha aina hiyo anaweza kuishia kusoma hapa.

Hesabu ya marejeo

Katika njia ya pili kila anayekitumia kitu huongeza moja kwenye kihesabu kilichomo ndani yake na kupunguza moja anapomaliza, na kitu hurudishwa kihesabu kinapofika sifuri. Nguvu yake ni kwamba mshikaji anaweza kulala, kuhamia prosesa nyingine au kukaa na kitu kwa muda mrefu bila kumzuia mtu yeyote. Orodha ya mwamsho ya Linux, wake_q, inaonyesha jambo hili vizuri. Anayeshika kufuli fulani na kutaka kuamsha kazi zilizolala hapendi kuziamsha akiwa bado amelishika, kwa kuwa zitaamka na kukwama palepale. Hivyo huziandika kwenye orodha, huachia kufuli, kisha huziamsha. Kati ya kuandikwa na kuamshwa, mojawapo inaweza kuamshwa na mwingine, ikamaliza shughuli zake na kufa. Ndiyo maana wake_q_add hushika rejeo la kila kazi inayoandikwa, na wake_up_q huliachia baada ya kuamsha.

Lakini ipitishe kwenye jaribio letu nayo inaanguka. Prosesa 0 imesoma anwani ya K na inataka kuongeza kihesabu. Kihesabu kiko ndani ya K. K imekwisha kurudishwa. Hesabu humlinda aliyekwisha kushika na haimsaidii hata kidogo anayeanza kushika, na hilo ndilo jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka msimbo wao umekwisha kuingia kwenye vifaa. Kwa swali la pili pia haina jibu lolote, kwa kuwa kazi iliyoshikwa rejeo huendelea kubadilika kama kawaida.

Kuna madhaifu mengine matatu, na si yote yenye uzito sawa. La kwanza ni kusahau kuachia. Udhaifu uliotangazwa mwaka 2016 kwa namba CVE-2016-0728, kwenye hifadhi ya funguo ya kerneli, ulitokana na tawi moja la msimbo lililoshika rejeo bila kuliachia. Mshambuliaji aliweza kulirudia tawi hilo mpaka kihesabu cha biti 32 kikazunguka na kurudi sifuri, kitu kikarudishwa huku kikiwa bado kinatumika. Linux 4.11 ya mwaka 2017 ilileta aina mpya, refcount_t, ambayo ikifurika hukwama huko juu na kukataa kushuka, hivyo kitu huvuja moja kwa moja badala ya kurudishwa kabla ya wakati. Kuvuja ni hasara. Kukabidhi kumbukumbu hai kwa mshambuliaji ni msiba, na nadhani uchaguzi huo ulikuwa sahihi.

La pili ni kwamba anayeachia rejeo la mwisho ndiye anayelipia maziko, na hachagui wakati. Kwenye kerneli yenye PREEMPT_RT, usanidi wa Linux kwa kazi za wakati halisi, makufuli mengi yanayozunguka hugeuzwa kuwa ya kulala, na kurudisha task_struct huenda kukahitaji mojawapo. Rejeo la mwisho likiachiwa mahali ambapo kulala ni marufuku, kerneli inavunja kanuni zake yenyewe, hivyo ikabidi maziko hayo yaahirishwe. Mwenye moduli inayoendesha mota au kupima umeme kwa wakati halisi asilichukulie jambo hili kwa wepesi.

La tatu ni kumbukumbu. Maelezo ya zamani yaliyomo ndani ya msimbo wa Linux, ya enzi ambazo staki zilikuwa ndogo kuliko kilobaiti 16 za leo, yanasema kushikilia kazi pamoja na staki yake hugharimu takriban kilobaiti 10, ilhali muundo wa struct pid, unaobeba utambulisho tu, una baiti kama 64. Anayehitaji kukumbuka kazi kwa muda mrefu ili aje kuitumia siku ikiwa hai, ashike rejeo la struct pid na kuiacha task_struct iende zake.

RCU

RCU iliingia Linux katika toleo la majaribio la 2.5.43, Oktoba 2002, baada ya Paul McKenney na Jack Slingwine kuifanyia kazi kwenye mfumo wa DYNIX/ptx wa kampuni ya Sequent katika miaka ya 1990. Wazo lake ni kwamba msomaji hashiki kufuli wala haandiki chochote cha pamoja. Anayefuta kitu ndiye anayebeba mzigo, kwa kukiondoa kwanza mahali kinapoonekana, kisha kungoja mpaka wasomaji wote waliokwisha kuanza kabla ya kuondolewa huko wawe wamemaliza, ndipo hukirudisha. Msimamizi wa kivuko cha Magogoni hufanya jambo lilelile: lango likishafungwa hahitaji majina ya waliomo ndani, anangoja tu wote waliokwisha kuingia washuke Kigamboni, na wanaofika baada ya lango kufungwa si hesabu yake.

Jaribio letu linapita. Prosesa 0 inaingia eneo la usomaji, inasoma rq->curr, inapata K. K inaweza kufa wakati wowote, lakini kumbukumbu yake haitarudishwa mpaka prosesa 0 itoke kwenye eneo hilo. Mabadiliko ya mwaka 2019 niliyoyataja yalifanywa kwa lengo hilihili, kuhakikisha kwamba kazi inayotoka prosesani inabaki kwenye kumbukumbu kwa kipindi kizima cha kungoja. Kabla yake palikuwa na kitendo maalumu, task_rcu_dereference, kilichosoma, kuhakiki na kusoma tena kwa ujanja ambao wachache waliuelewa. Kiliondolewa, na sioni wa kukililia.

Masharti yake ni mengi kuliko yanavyoonekana. Katika aina ya kawaida ya RCU msomaji haruhusiwi kulala. Akikaa mno, kerneli huanza kulalamika kwenye kumbukumbu za matukio, kwa kawaida baada ya sekunde 21. Kwenye bodi yenye kumbukumbu ndogo inayozalisha na kuua kazi kwa kasi, marehemu wanaongoja maziko hurundikana. Tena, RCU yenyewe inaitegemea skedula, kwa kuwa kubadilisha kazi ni mojawapo ya dalili inazozitumia kujua kwamba wasomaji wameondoka, na prosesa iliyo tupu, isiyo na kazi yoyote, huwa haitazamwi kabisa; kusoma kwa RCU ukiwa ndani ya mzunguko huo wa utupu ni kujidanganya.

Zaidi ya yote, RCU inaahidi uhai wa kumbukumbu na si ukweli wa habari. K uliyoisoma huenda imekwisha kutoka prosesa 1 tangu zamani. Kwa kusawazisha mzigo hilo halina ubaya, maana uamuzi wenyewe ni wa kukadiria. Kwa kubadilisha kipaumbele cha K ni kosa, na hapo ni lazima RCU itumike kufikia K kwa usalama, kisha kufuli lishikwe na hali ihakikiwe upya.

Njia ya nne, vielekezi vya tahadhari, ilielezwa na Maged Michael katika makala ya mwaka 2004. Msomaji hutangaza hadharani anwani anayoitumia, na anayefuta hupitia matangazo hayo kabla ya kurudisha. Kumbukumbu inayongoja huwa na kikomo, jambo ambalo RCU haikupi, lakini kila usomaji hulipia kizuizi cha kumbukumbu, yaani agizo linaloilazimisha prosesa kuheshimu mpangilio wa kusoma na kuandika. Kwa skedula ya nyuzi ndogo ndani ya programu ya kawaida, nje ya kerneli, ningeifikiria kwa uzito. Ndani ya skedula ya kerneli, hapana.

Mwamsho uliopotea

Hakuna hata moja kati ya njia za uhai inayokuokoa na kosa lifuatalo, na nalieleza kwa sababu mara nyingi hutibiwa kwa dawa isiyo yake. Kazi A inaangalia kama data imefika, inakuta bado. Kabla haijajitangaza kuwa imelala, kazi B kwenye prosesa nyingine inaleta data na kuiamsha A. A haijalala, hivyo mwamsho hauna cha kufanya. A sasa inajitangaza kuwa imelala na kuondoka prosesani, na hakuna atakayeiamsha tena. Vitu vyote viko hai, vihesabu vyote ni sahihi, na mashine imekwama. Tiba ni mpangilio: A ijitangaze kwanza kuwa imelala kupitia set_current_state, ambayo huweka kizuizi cha kumbukumbu, ndipo iangalie data. B ikija katikati, itairudisha A kwenye hali ya kuendeshwa na usingizi hautatokea. Mtu akikuletea hitilafu ya kifaa kinachoganda na ukaanza kuongeza marejeo, unapoteza siku.

Ningechagua nini

Swali la kwanza nisingeuliza ni ipi yenye kasi. Ningeuliza kielekezi cha kwanza kimetoka wapi. Kikiwa kimetoka kwa mtu ambaye tayari ameshika rejeo, au ni kazi yako mwenyewe inayoendeshwa, hesabu inatosha. Kikiwa kimetoka kwenye jedwali au foleni ambayo wengine wanaibadilisha, unahitaji kufuli la foleni hiyo au RCU. Baada ya hapo nauliza utakaa nacho muda gani: ukisoma na kuondoka bila kulala, RCU peke yake; ukitaka kuondoka nacho, shika rejeo ukiwa bado ndani ya eneo la RCU, kwa kitendo kinachokataa kuongeza kihesabu kilichokwisha kufika sifuri, na ukikataliwa uchukulie kwamba kitu kimekufa. Ukitaka kubadilisha hali, kufuli halikwepeki, hata ukiwa na hayo mengine yote.

Kwa anayeingia kupitia sched_ext mambo ni mepesi zaidi. Kihakiki cha BPF hukataa kuipakia programu inayoshika rejeo la kazi kwa bpf_task_acquire bila kuliachia au kulihifadhi mahali panapokubalika, na skedula yako ikiiacha kazi iliyo tayari bila kuendeshwa kupita kikomo cha muda kilichowekwa, ambacho hakiwezi kuzidi sekunde 30, kerneli huitupa nje na kurudi kwenye skedula yake ya kawaida. Kosa la mwamsho uliopotea ndani ya mantiki yako bado ni lako, lakini mashine inabaki hai.

Chaguo lolote lile lijaribiwe kwa vifaa vinavyolingana na swali. KASAN, iliyopo tangu Linux 4.0 ya mwaka 2015, hukamata kumbukumbu inayoguswa baada ya kurudishwa. Lockdep, tangu 2.6.18 ya mwaka 2006, hukamata mpangilio mbaya wa makufuli hata kabla mkwamo haujatokea. KCSAN, tangu 5.8 ya mwaka 2020, hukamata nyuzi zinazogongana juu ya data ileile. KASAN na KCSAN haziwezi kuwashwa katika kerneli moja, hivyo utajenga kerneli mbili. Ya KASAN hutenga sehemu moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya ufuatiliaji wake, kwa hiyo usiihangaikie kwenye bodi ya megabaiti 512. Iendeshe ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, kwenye kompyuta mpakato, ukiipa prosesa nne, na unapopakua msimbo wa kerneli chukua historia fupi tu, maana historia nzima ni gigabaiti kadhaa na bando litaishia njiani.